Namna ya Kuandika Historia ya Ukumbi wa Wafanyakazi na Sinema Yake

Anayetaka kuandika historia ya ukumbi wa wafanyakazi huanza, mara nyingi, na jengo: lilijengwa mwaka gani, jiwe la msingi liliwekwa na nani, na paa lake liliezekwa kwa nini. Mimi nashauri uanze na fedha. Jiulize senti ya kwanza iliyonunua tofali la kwanza ilitoka mfukoni mwa nani, na ilitolewa kwa hiari, kwa makato au kwa amri, kwa maana jibu la swali hilo ndilo litakalokueleza kwa nini ukumbi ulikuwa na kamati ya aina fulani, kwa nini ulikuwa na maktaba au haukuwa nayo, na kwa nini filamu moja ilionyeshwa na nyingine ikakataliwa.

Mahali pazuri pa kujifunzia kazi hii ni mabonde ya Wales Kusini, huko Uingereza, ambako wachimba makaa ya mawe walijenga kumbi zao tangu karne ya 19 na kuacha nyuma madaftari mengi ya mapato na matumizi. Mahali pengine ninapopatazama katika mwongozo huu ni Nairobi, hasa mtaa wa Kaloleni, kwa sababu huko kumbukumbu zimetawanyika na mwandishi hulazimika kutumia mbinu nyingine. Nimeiweka mifano hii miwili pamoja kwa kuwa anayeanza kazi hajui bado ukumbi wake ni wa aina gani.

Fuata fedha kwanza

Huko Treorchy, katika bonde la Rhondda, wachimbaji wa migodi ya Park na Dare walikatwa peni 1 katika kila pauni ya mshahara ili kujenga jengo lao, ambalo lilianza kutumika mwaka 1895 na kuongezewa jumba la maonyesho mwaka 1913. Pauni ya wakati huo ilikuwa na shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa na peni 12, kwa hiyo mchimbaji alikuwa akitoa sehemu 1 ya 240 ya pato lake kila alipolipwa. Blaenavon nako wafanyakazi wa migodi na wa viwanda vya chuma walichanga nusu peni kwa wiki, na ukumbi wao ukafunguliwa mwaka huohuo wa 1895. Katika kumbi za namna hii, kila aliyekatwa mshahara alijiona mwenye nyumba, na kamati ilichaguliwa kwa kura na kuhojiwa hadharani juu ya kila shilingi iliyotumika.

Oakdale ni habari nyingine. Kijiji chenyewe kilijengwa na kampuni ya makaa na chuma ya Tredegar kwa ajili ya wachimbaji wake, na jumba la wafanyakazi lililofunguliwa mwaka 1917 lilijengwa kwa mkopo wa kampuni hiyo. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1920, iliyowataka wenye migodi ya Uingereza walipe peni 1 kwa kila tani ya makaa iliyochimbwa, fedha hizo ziingie katika mfuko wa ustawi wa wachimbaji. Ukumbi uliojengwa kwa mfuko huo ulikuwa na wakubwa wengine walioketi mbali, waliotaka kuona michoro, makadirio na taarifa. Basi ukikuta kamati ya miaka ya 1930 inaandika barua nyingi kuomba ruhusa ya jambo dogo kama ununuzi wa viti, usiharakishe kudhani kwamba viongozi wake walikuwa waoga. Yawezekana walikuwa wakitimiza sharti la fedha walizopokea.

Nairobi ya kikoloni ilikuwa na njia yake. Manispaa ilichukua ukiritimba wa kupika na kuuza pombe ya Waafrika kuanzia miaka ya 1920, kwa kufuata mfano wa mji wa Durban, na faida yake ikaelekezwa kwenye huduma za Waafrika hao hao. Ni mpango ambao mwandishi hapaswi kuupita kwa sentensi moja. Mfanyakazi wa Nairobi alichangia huduma za mtaa wake kila alipokunywa katika kilabu cha manispaa, bila kuulizwa, bila risiti na bila kura, ilhali mchimbaji wa Treorchy alichangia akiwa na haki ya kuhoji. Ndiyo maana huko Wales utasoma muhtasari wa vikao vya kamati, na huku utasoma taarifa za afisa wa manispaa. Usizichukue hati hizo mbili kana kwamba zina sauti moja.

Kwa vitendo, andaa karatasi moja yenye safu nne: mwaka, chanzo cha fedha, kiasi kama hati zinakitaja, na aliyekuwa na uamuzi juu ya matumizi yake. Ijaze kabla hujaandika aya yoyote. Safu ya nne ndiyo itakayokusumbua zaidi, na ndiyo yenye thamani kubwa.

Soma jengo kwa macho yako

Nenda ukumbini mchana, ukiwa na daftari, penseli na futi ya kupimia, na uombe kuonyeshwa hata vyumba vilivyogeuzwa stoo. Unachotafuta kwanza ni chumba cha projekta. Uingereza ilipitisha sheria ya sinema mwaka 1909, ikaanza kutumika mwaka 1910, kwa sababu filamu za wakati ule zilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachoshika moto upesi na kuwaka kwa ukali ambao maji hayauzimi kirahisi. Sheria ilidai mashine ikae katika chumba chake kisichopitisha moto, kilichotengwa na watazamaji. Kwa hiyo ukumbi uliojengwa mwaka 1895 na kuanza kuonyesha filamu baadaye una alama za chumba kilichopachikwa: ukuta mnene wa nyuma usiofanana na kuta nyingine, vidirisha vidogo vya mraba vilivyoelekea jukwaani, na mlango unaofunguka upande wa nje. Pima umbali kati ya vidirisha hivyo na jukwaa, kisha uuandike.

Angalia pia jengo lilivyogawanywa. Huko Newbridge, jumba la wafanyakazi la mwaka 1908 liliongezewa mwaka 1924 ukumbi wa kuwakumbuka waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, ambapo ukumbi wa dansi uliwekwa chini na sinema ikawekwa juu. Mpangilio kama huo unakueleza kwamba waliojenga walitarajia burudani mbili kwa usiku mmoja, na ngazi moja iliyochakaa kuliko nyingine inaweza kukuonyesha ipi ilipendwa zaidi.

Katika Afrika Mashariki onyo langu ni moja tu, nalo ni zito: usihitimishe kwamba ukumbi haukuwa na sinema kwa sababu hauna chumba cha projekta. Filamu ya upana wa milimita 16, iliyoanza kuuzwa mwaka 1923, ilitengenezwa tangu mwanzo kwa kitu kisicholipuka moto, na mashine yake ilibebeka ndani ya gari. Magari ya sinema ya serikali yaliweza kuegesha nje, fundi akasimika projekta mezani katikati ya watu, na ukuta uliopakwa chokaa au shuka jeupe likawa skrini. Asubuhi yake palibaki ganda la karanga tu. Kwa ukumbi wa namna hiyo, tafuta tundu la waya wa umeme ukutani na kulabu za kutundikia kitambaa, kisha uwaulize wazee.

Sinema katika daftari la hesabu

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Ukumbi wa wafanyakazi uliokuwa na sinema ulikuwa pia na biashara, na biashara huacha hesabu. Katika majumba mengi ya Wales Kusini mapato ya sinema yalisaidia kuendesha maktaba, vyumba vya kusomea magazeti, bendi na michezo, kwa hiyo orodha ya filamu na orodha ya vitabu vilivyonunuliwa mwaka huohuo zinapaswa kusomwa bega kwa bega. Mtu anayeidharau filamu ya ngumi na mapenzi iliyoonyeshwa Jumamosi anasahau kwamba ndiyo iliyolipia vitabu vya uchumi vilivyosomwa Jumatatu.

Chagua mwaka mmoja na uufanye kwa ukamilifu badala ya kuruka miaka 30 juu juu. Kwa kila wiki andika jina la filamu, siku ilizoonyeshwa, malipo kwa msambazaji, mapato ya mlangoni, na kodi. Uingereza ilitoza kodi ya burudani tangu mwaka 1916 hadi 1960, na kwa kuwa kodi ilifuata bei ya tiketi, taarifa zake husaidia kukadiria idadi ya watazamaji pale ambapo vitabu vya tiketi vimepotea. Leseni ya sinema nayo ilitolewa na serikali ya mtaa, hivyo hata kamati ikiwa imechoma karatasi zake zote, upande wa pili wa barua unaweza kuwa umehifadhiwa katika majalada ya halmashauri.

Yapo maswali ambayo daftari hujibu vizuri kuliko binadamu. Ukitaka kujua ukumbi uliingiza filamu zenye sauti lini, usitegemee kumbukumbu ya mtu. Angalia wiki ambayo malipo ya mpiga piano yanakoma. Filamu za sauti zilienea Uingereza kuanzia mwaka 1929, wakati uleule ambapo mabonde ya makaa yalikuwa yamejaa watu wasio na kazi, na kamati zililazimika kuchagua kati ya kukopa ili kununua mashine mpya na kuwaacha watazamaji wahamie sinema ya mfanyabiashara aliye jirani. Uamuzi huo ulijadiliwa mahali fulani. Utafute katika muhtasari wa vikao, na unukuu maneno ya wajumbe kama yalivyo.

Mwaka 1926 pia unahitaji kusomwa ukurasa kwa ukurasa. Mgomo mkuu wa wafanyakazi wa Uingereza ulidumu kuanzia tarehe 3 hadi 12 Mei, lakini wachimbaji walibaki nje ya migodi hadi karibu mwisho wa mwaka, bila mshahara, na kwa hiyo bila makato ya ukumbi. Je, kamati ilipunguza bei ya tiketi? Iliwaingiza watoto bure? Ilimlipa mtunza maktaba kwa fedha gani? Majibu ya maswali haya yanaonyesha tabia ya ukumbi kuliko hotuba zote za siku ya ufunguzi.

Kwa upande wetu, daftari la mlangoni ni adimu, kwa hiyo chukua njia ya serikali. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1937 jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika lilifanyika likiwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, likatengeneza filamu 35 na kuzizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha kitengo chake cha filamu za makoloni, kilichofanya kazi hadi mwaka 1955. Hati za miradi hii zinaeleza kile ambacho watawala walitaka mfanyakazi akitazame. Sambamba nazo, tafuta majalada ya udhibiti, kwa sababu wakaguzi wa filamu waliamua filamu gani Mzungu aione na Mwafrika asiione. Orodha ya filamu zilizokatazwa ni sehemu ya historia ya ukumbi wako, hata kama filamu hizo hazikuwahi kufika mlangoni.

Mahali pa kutafuta karatasi

Kwa kumbi za Wales, anza na Chuo Kikuu cha Swansea, ambako kuna mkusanyo wa hati za eneo la makaa na maktaba ya wachimbaji iliyofunguliwa mwaka 1973 ili kuokoa vitabu vya majumba yaliyokuwa yakifungwa. Jengo la Oakdale lenyewe, lililofungwa mwaka 1987, lilibomolewa tofali kwa tofali na kujengwa upya katika jumba la makumbusho la St Fagans, nje kidogo ya Cardiff, ambako linatembelewa tangu mwaka 1995.

Nairobi, nenda kwenye Nyaraka za Taifa, Barabara ya Moi, na uombe majalada ya manispaa na ya idara ya kazi, maana ukitafuta neno “ukumbi” pekee utarudi mikono mitupu. Karatasi za Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Magazeti ya Kiswahili nayo yasisahauliwe: Mambo Leo la Tanganyika lilianza mwaka 1923 na Baraza la Kenya mwaka 1939, na kurasa zao za barua za wasomaji zina malalamiko ambayo afisa asingeyaandika katika taarifa yake.

Kuzungumza na wazee

Mzee au bibi unayemwendea hakumbuki mwaka, na si kosa lake. Mpe tukio alishike. Kwa Nairobi na Mombasa, tumia mgomo wa Mombasa wa Januari 1947, kutangazwa kwa hali ya hatari Oktoba 1952, na Uhuru wa Desemba 1963. Kwa Wales, tumia siku migodi ilipotaifishwa, tarehe 1 Januari 1947, au mgomo wa 1984 na 1985. Uliza kama filamu fulani ilikuwa kabla au baada ya tukio hilo.

Maswali yako yawe ya mwili na mahali: uliketi wapi, benchi lilikuwa na egemeo, nani alisimama mlangoni, projekta ilitoa sauti gani, filamu ilipokatika watu walifanya nini, na ni nani aliyefasiri maneno ya filamu kwa sauti. Swali hili la mwisho ni muhimu mno kwetu, kwa sababu katika maonyesho ya magari ya sinema mfasiri alishika kipaza sauti na kusimulia kwa lugha ya watazamaji, na alichosema hakikulingana daima na kilichokuwa kwenye filamu. Hakuna jalada lililohifadhi maneno yake. Asipoulizwa aliyeyasikia, yamekwenda.

Zungumza na wanawake peke yao, mbali na waume na kaka zao. Vyumba vya kusomea na vya biliadi katika majumba ya wachimbaji vilikuwa kwa kiasi kikubwa vya wanaume, na ni sinema na dansi zilizowafungulia wanawake na watoto mlango. Historia iliyoandikwa kwa kuwasikiliza wajumbe wa kamati pekee itakuwa historia ya nusu ya jengo.

Kwa Nairobi lipo pengo ambalo lazima ulieleze. Aprili 1954 jeshi na polisi walifanya msako mkubwa mjini, wakawakamata maelfu kwa maelfu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, na wengi wakapelekwa kizuizini. Unapokusanya kumbukumbu za Kaloleni, Bahati au Pumwani, muulize kila unayezungumza naye alihamia lini. Aliyefika mwaka 1955 anaweza kukusimulia kwa moyo mweupe ukumbi uliokuwa na watu tofauti kabisa na wale wa mwaka 1953.

Kupima tarehe na madai

Ukumbi mmoja una angalau tarehe tatu za kuzaliwa: siku ya jiwe la msingi, siku ya ufunguzi, na siku ya filamu ya kwanza. Zitenganishe. Anayesema ukumbi wa Treorchy ni wa 1895 na anayesema ni wa 1913 wanaweza kuwa wote wakweli.

Madai ya watu mashuhuri yanahitaji uangalifu zaidi. Mwimbaji Paul Robeson, Mmarekani mweusi ambaye mwaka 1934 alikuwa akisoma Kiswahili mjini London, aliigiza katika filamu ya mwaka 1940 kuhusu wachimba makaa wa Wales na akapendwa huko kama ndugu. Serikali yake ilipomnyang’anya pasipoti mwaka 1950, wachimbaji hawakumwacha. Tarehe 5 Oktoba 1957 aliwaimbia kwa simu kutoka New York, nao wakamjibu kwa wimbo. Tukio hilo lilifanyika katika jumba la Grand Pavilion la Porthcawl, mji wa pwani. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba sauti yake ilisikika katika ukumbi unaoushughulikia, uliza ni lini, na kama ilikuwa ni yeye mwenyewe, ni simu, au ni filamu yake.

Kaloleni ina tukio ambalo halina shaka, na inafaa kuliandika kwa utulivu na ukamilifu. Mtaa huo ulijengwa na manispaa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na ukumbi wake ulikusudiwa kuwapa burudani yenye adabu baada ya kazi. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi huo, vyama viwili vya siasa, Kenya African Union cha Waafrika na East African Indian National Congress cha Wahindi, vilifanya mkutano wa pamoja, na Makhan Singh akatoa hoja ya kutaka uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei yeye na Fred Kubai, kiongozi mwenzake wa vyama vya wafanyakazi, walikamatwa, na siku iliyofuata mgomo mkuu ukaanza mjini. Singh hakuwa huru tena hadi mwaka 1961. Unapoandika tukio kama hili, rudi kwenye safu yako ya nne: manispaa ilikuwa na uamuzi juu ya fedha, lakini siku ile haikuwa na uamuzi juu ya maneno.

Kufungwa, na kumaliza kazi

Sura ya kufifia isiandikwe kwa sababu moja. Uingereza iliuza tiketi za sinema karibu milioni 1,635 mwaka 1946, na milioni 54 tu mwaka 1984. Televisheni ilichukua watazamaji, lakini kufungwa kwa migodi kuliondoa makato yenyewe, na ukumbi ukapoteza mikono yake yote miwili. Jumba la Tredegar, ambako Aneurin Bevan alijisomea kabla ya kuwa waziri aliyeanzisha huduma ya afya ya taifa, lilifungwa mwaka 1964. Hata hivyo Blaenavon na Treorchy bado zina kumbi zinazotumika, kwa hiyo linganisha kabla ya kulaumu televisheni.

Ukimaliza rasimu, isome kwa sauti mbele ya wachache kati ya uliowahoji, na upate idhini ya kila aliye hai kabla ya kutaja jina lake. Toa nakala tatu: moja kwa nyaraka za taifa au chuo kilicho karibu, moja kwa maktaba ya wilaya, na moja kwa msimamizi wa ukumbi. Picha zote ulizokusanya ziandike nyuma kwa penseli laini, kwa maana wino hupenya karatasi: mahali, mwaka uliothibitishwa, majina kuanzia kushoto, na jina la aliyekuazima, kisha zile za kuazima uzirudishe kwa mkono wako mwenyewe.